Prosesa mpya, seva iko mbali: kujua kama ubao mama utaikubali kabla hujalipa

Seva iko kwenye raki ya kituo cha data, wewe uko mji mwingine au nchi nyingine kabisa. Prosesa imeelemewa tangu saa tatu asubuhi, na umeona jozi ya prosesa zilizotumika zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kufungua kifuniko huwezi. Una SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva kutoka mbali), labda na anwani ya BMC (kompyuta ndogo ndani ya seva inayoisimamia), basi. Je, zikifika huko na fundi akazipachika, mashine itawaka?

Kabla ya amri yoyote, lishike hili: mashine itakuambia yenyewe ni nani, haitakuambia itakubali nini. Hakuna amri ya Linux wala ya Windows inayotoa orodha ya prosesa ambazo ubao mama unaziweza. Orodha hiyo anayo mtengenezaji. Kazi yako ukiwa mbali ni kupata utambulisho kamili, yaani ubao gani, toleo gani la ubao, BIOS (programu ya ubao inayoiwasha mashine) ya lini, kisha kwenda nao kwenye orodha yake.

Mfano wangu mkuu utakuwa Dell PowerEdge R720. Ilitoka 2012 ikiwa na Xeon (prosesa za seva za Intel) E5-2600 za kwanza, na Intel ilipotoa E5-2600 v2 mwaka 2013, seva ileile ikazipokea. Ni mashine ambayo jibu lake huwa "ndiyo, lakini", na gharama yote iko kwenye hiyo "lakini".

Dalili: dmidecode inasema "Max Speed: 4000 MHz", kwa hiyo prosesa yoyote chini ya hapo itakubalika

Hiyo si sababu ya kukubalika. Ukiandika

`sudo dmidecode -t processor`

utaona mistari miwili inayovutia: `Upgrade`, inayotaja soketi (tundu la prosesa), na `Max Speed`. Kwa mujibu wa kanuni za SMBIOS, yaani jedwali ambalo BIOS huieleza mashine ndani yake (huitwa pia DMI), huo wa pili unapaswa kueleza kasi ya juu ambayo mfumo unaweza kuihudumia kwenye soketi hiyo, si kasi ya prosesa iliyopo. Ni wazo zuri. Lakini anayejaza namba hiyo ni mwandishi wa BIOS, na wengi hujaza namba ya duara kisha wakaendelea na kazi nyingine. Mwongozo wa dmidecode wenyewe unaonya kwamba taarifa za jedwali hili mara nyingi si sahihi, hazijakamilika, au ni makosa matupu. Hata namba ingekuwa kweli, gigahezi hazisemi kizazi. E5-2670 ya kwanza na E5-2650 v2 zote ni 2.6 GHz, zote viini (cores) 8, lakini ni vizazi viwili na BIOS ya zamani inaijua moja tu.

Mstari wa `Upgrade` una manufaa zaidi, kwa tahadhari. Ukikuta `<OUT OF SPEC>`, usidhani ubao umeharibika: dmidecode yako ni ya zamani kuliko soketi. Isasishe au usome soketi kwa njia nyingine.

Dalili: amri inakataa, au inatoa majibu ya ajabu

Ukiambiwa `Permission denied` na huna mamlaka ya root (msimamizi mkuu), bado kuna mlango wa pembeni:

`cat /sys/class/dmi/id/board_vendor`
`cat /sys/class/dmi/id/board_name`
`cat /sys/class/dmi/id/board_version`
`cat /sys/class/dmi/id/bios_version`
`cat /sys/class/dmi/id/bios_date`

Hivyo vitano vinasomwa na mtumiaji wa kawaida. Namba za utambulisho za mashine (serial number) ndizo zinazodai root. Kwenye Windows, fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_BaseBoard`, halafu `Win32_BIOS` na `Win32_Processor` kwa mtindo huohuo.

Ukiona `QEMU`, `VMware Virtual Platform` au `Standard PC (i440FX + PIIX, 1996)`, umeingia kwenye mashine pepe, yaani seva iliyoigizwa na programu. Hapo ubao mama unaousoma ni wa kubuni, na hakuna prosesa ya kubadilisha. Amri ya `systemd-detect-virt` inamaliza ubishi kwa neno moja. Ikijibu `none` uko juu ya chuma chenyewe. Linaonekana jambo dogo, lakini mwenye seva kumi zenye majina yanayofanana hukosea mlango kirahisi. Mimi nimeshawahi kuandika nusu ukurasa wa maelezo kuhusu "ubao" wa mashine pepe kabla sijashtuka.

Ukikuta `To Be Filled By O.E.M.` au `Default string`, aliyeunganisha seva hakujaza taarifa. Hapo muulize BMC, kwa sababu yeye husoma chipu nyingine kabisa:

`sudo ipmitool fru print`

Tafuta `Board Product`, `Board Part Number` na `Board Mfg Date`. Ikilalamika kwamba haiwezi kufungua `/dev/ipmi0`, pakia kwanza moduli za `ipmi_si` na `ipmi_devintf` kwa `modprobe`. Ukiwa nje ya seva, amri ni ileile ukiongeza `-I lanplus -H` na anwani ya BMC, `-U` na jina la mtumiaji. Hupitia mlango wa mtandao UDP 623, na ukuta wa moto wa kituo huenda umeufunga mlango huo, na umefanya vyema.

Yote yakishindikana, soma chipseti (chipu za ubao zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine):

`lspci | grep -i lpc`

`C600/X79` ni familia ya soketi ya LGA 2011 ya E5-2600 na v2. `C610/X99` ni LGA 2011-3 ya v3 na v4. `C620` ni LGA 3647 ya Xeon Scalable. Ila chipseti peke yake si ushahidi kamili: C600 hiyohiyo imo pia kwenye seva za LGA 1356, kama R420 na R520, zinazotumia E5-2400. Linganisha na `lscpu`, inayotaja jina la prosesa, kabla ya kuamini.

Dalili: soketi inafanana, orodha ya mtengenezaji haiitaji prosesa hiyo

Iamini orodha. Soketi ni tundu tu.

Mtego mkubwa wa familia hii ni LGA 2011 na LGA 2011-3. Majina yanakaribiana na idadi ya pini ni ileile, lakini hayaingiliani: v1 na v2 hutumia RAM ya DDR3, v3 na v4 hutumia DDR4, na hata kingo za prosesa zimechongwa tofauti ili fundi asijaribu. Hivyo mwenye R720 anaishia v2. Mwenye R730, iliyokuja na v3 mwaka 2014, anaweza kupanda hadi v4 za 2016. Hakuna daraja kati ya hizo seva mbili.

Mtego wa pili uko kwenye tarakimu ya kwanza baada ya E5. Hiyo inaeleza idadi ya soketi: E5-1650 imeundwa kufanya kazi peke yake, E5-2650 hufanya kazi kwa jozi, E5-4650 hadi nne. E5-1650 hukaa vizuri kabisa kwenye tundu la LGA 2011, lakini hilo halimaanishi seva ya soketi mbili itaijua.

Ili kujua kizazi ulichonacho bila kutegemea jina la kibiashara, angalia `model` ndani ya `/proc/cpuinfo`. Kwa familia 6: 45 ni E5 ya kwanza, 62 ni v2, 63 ni v3, 79 ni v4. Namba hizi zinatoka kwenye prosesa yenyewe, hazipitii mikononi mwa mwandishi wa BIOS. Ndiyo maana naziamini kuliko jedwali lolote la DMI.

Dalili: seva iko kwenye orodha, jirani mwenye seva ileile amefanikiwa, yako imegoma

Hapa ndipo panapouma, kwa sababu ulifanya kila kitu sawa isipokuwa kuuliza toleo la ubao. Jina la seva ni moja, lakini kiwandani ubao hubadilishwa katikati ya uhai wake.

Mfano unaojulikana sana ni PowerEdge R710. Ubao wa kizazi cha kwanza unapokea Xeon 5600 nyingi, lakini zile za wati 130, kama X5690, zinadai ubao wa kizazi cha pili. Alama yake ni "II" ya Kirumi kwenye kibao cha kuvuta kilicho mbele ya seva, yaani mahali ambapo SSH haifiki. Ukiwa mbali, chukua `board_name`: kwa Dell huwa ni namba ya sehemu ya ubao wenyewe, sifuri ikifuatiwa na alama tano, mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Tafuta namba hiyo, si jina la seva.

Upande wa AMD, ubao wa Supermicro H11SSL unafundisha somo hilohilo. Soketi ya SP3 ilikaa tangu EPYC (prosesa za seva za AMD) 7001 za 2017 hadi 7003 za 2021, kwa hiyo mtu anaona SP3 na kufurahi. Lakini rasmi, EPYC 7002 kwenye H11SSL zinadai ubao wa toleo 2.x, si 1.x. Kwa bahati nzuri hapa `board_version` mara nyingi inakuonyesha `1.01` au `2.00` waziwazi. Mstari huo mmoja unaweza kukuokolea gharama ya prosesa nzima.

Na ukiwa upande huo wa EPYC, muulize muuzaji prosesa ilitoka kwenye seva gani. EPYC za 7002 na 7003 zilizowahi kuwashwa kwenye baadhi ya seva, zikiwemo za Dell, hufungwa kabisa kwa mtengenezaji huyo kwa sababu za usalama wa uwashaji. Ukiipachika kwenye ubao wa mwingine haiwaki, na hakuna BIOS itakayoifungua.

Dalili: prosesa mpya imepachikwa, feni zinazunguka, skrini nyeusi

Mara nyingi BIOS haina maikrokodi (maelekezo ya ndani) ya prosesa hiyo. Ubao unaiweza kimwili, ila programu yake haijawahi kuisikia. Kosa ni la mpangilio wa kazi: BIOS husasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu ndiyo inayoweza kuiwasha mashine ili kusasisha. Ukishaitoa, unahitaji kuirudisha. Kama fundi ameshaondoka na prosesa ya zamani kwenye bahasha, umelipia safari mbili.

Kipimo cha haraka ukiwa mbali ni tarehe. Linganisha `bios_date` na mwezi ambao prosesa ilitolewa. E5-2600 v2 zilitoka Septemba 2013. Ukikuta R720 ina BIOS ya 2012, usisumbuke kusoma zaidi, sasisha kwanza. Tarehe ikiwa ya baadaye, bado fungua maelezo ya matoleo ya BIOS utafute mstari unaosema imeongezwa uwezo wa kutumia v2, kisha hakikisha toleo lako ni hilo au jipya zaidi. Soma pia kama kuna toleo la katikati la kupitia, kwa sababu kutoka BIOS ya zamani sana kwenda ya mwisho kwa mruko mmoja hakukubaliki kila mahali.

Baada ya kusasisha, washa upya seva na prosesa ileile ya zamani, iache ifanye kazi siku chache. Ikileta matatizo, unajua ni BIOS. Ukibadilisha BIOS na prosesa usiku mmoja kisha kitu kikaharibika, utabaki kukisia.

Na skrini ikiwa nyeusi tayari? BMC huishi kwa umeme wa akiba, hivyo hujibu hata prosesa ikigoma. Soma kumbukumbu zake:

`ipmitool -I lanplus -H anwani -U mtumiaji sel elist`

Tukio linalotaja prosesa isiyokubalika au mipangilio ya prosesa isiyo sahihi linakuelekeza kwenye BIOS au ulinganifu wa jozi. Kumbukumbu zikiwa kimya kabisa, fikiria pini zilizopinda au RAM iliyolegea wakati wa kazi. Kabla ya siku yenyewe hakikisha pia una njia ya kuona skrini: skrini ya mbali ya iDRAC (BMC ya Dell) hudai leseni ya Enterprise, na wengi hugundua hawana saa nane usiku. `ipmitool sol activate` inaweza kukupa skrini ya maandishi, mradi uliiwasha kwenye BIOS mapema.

Sababu nyingine ya skrini nyeusi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sokoni kuna prosesa za majaribio, zilizotoka Intel kabla ya toleo rasmi, na BIOS nyingi hazizijui. Omba picha ya mfuniko wa prosesa kabla ya kulipa. Ya kawaida ina alama ya herufi tano inayoanza na SR, kwa mfano SR1A8 kwa E5-2650 v2 au SR19H kwa E5-2697 v2. Ukiona alama inayoanza na Q, au maneno "Intel Confidential", achana nayo hata ikiwa nusu bei.

Dalili: inawaka, lakini feni zinanguruma na kazi haikuongezeka

Angalia `dmesg`. Ukikuta ujumbe wenye `temperature above threshold, cpu clock throttled`, prosesa inajipunguza kasi kwa sababu ya joto. Umenunua viini ambavyo kipoza joto hakiviwezi.

Hili lingeonekana kabla. Chukua wati za prosesa uliyo nayo na za ile unayoitaka. R720 yenye E5-2620 mbili inabeba wati 95 mara mbili, jumla 190. Ukiweka E5-2697 v2 mbili, za viini 12 na wati 130, jumla inakuwa 260. Wati 70 za ziada si nyingi kwa karatasi, lakini watengenezaji wengi hutoa vipoza joto vya aina mbili kwa seva moja, kimoja cha prosesa za kawaida na kingine cha zile za moto, na kutoka SSH huwezi kujua kilichomo. Kinachosomeka ni hali ya sasa:

`ipmitool sdr type temperature`
`ipmitool sdr type fan`

Fanya hivyo saa ya kazi nyingi, si usiku. Kama prosesa ya wati 95 tayari inakaribia kikomo, jibu umeshalipata.

Umeme nao uhesabiwe. `sudo dmidecode -t 39` huonyesha uwezo wa kila pawa saplai. Kwa R720 utakuta wati 495, 750 au 1100. `ipmitool dcmi power reading` hukupa matumizi ya wakati huo. Kumbuka pawa saplai mbili ni kwa ajili ya moja kuifidia nyingine, kwa hiyo pima kana kwamba moja imekufa. Na ukikodi nafasi kwenye raki, huenda mkataba una kikomo cha umeme. Huo hauonekani kwenye terminali yoyote.

Maoni yangu, na hapa nitaegemea upande: kwa R720 ya E5-2620, usiikimbilie prosesa kubwa kuliko zote. E5-2650 v2 ina wati 95 zilezile, viini 8 badala ya 6, na 2.6 GHz badala ya 2.0. Kipoza joto hubaki, pawa saplai hubaki, kazi ya fundi inakuwa fupi. Anayehitaji viini 24 kwa kweli ahesabu pia bei ya vipoza joto na muda wa kuzima, na kama anatumia Windows Server kuanzia 2016, akumbuke leseni zake huhesabiwa kwa viini. Nimeona mpango mzuri wa prosesa za bei ya kutupa ukigeuka ankara ya leseni.

Dalili: baada ya kazi, RAM imepungua au kadi ya mtandao imetoweka

Kwenye seva za soketi mbili, kila prosesa inamiliki nafasi zake za RAM na baadhi ya nafasi za PCIe, za kuchomekea kadi. R720 ina nafasi 24 za RAM, 12 kwa kila moja. Prosesa ya pili isipotambuliwa, nusu hiyo inazimika nayo. `sudo dmidecode -t processor` itakuonyesha soketi ya pili ikiwa `Unpopulated`, au ipo lakini haijawashwa. Sababu ya kawaida ni jozi isiyolingana: mbili za modeli tofauti, au moja v1 na nyingine v2. Jozi iwe modeli ileile.

Amri hiyohiyo huwa na habari njema pia, ukiiendesha kabla ya kununua. Ukikuta `Unpopulated` kwenye soketi ya pili, huenda huhitaji prosesa mpya. Unahitaji pacha wa iliyopo, kipoza joto chake, na RAM za upande wa pili. BIOS inaijua tayari.

Kinachobaki kwa macho ya mtu

Kuna mambo manne ambayo sijapata njia ya kuyaona nikiwa mbali: aina ya kipoza joto, umbo la kishikizo cha soketi (kwenye mbao za LGA 2011 kuna cha mraba na chembamba, na vipoza joto vyake havibadilishani), hali ya pini, na vibandiko. Kwa hayo andika ombi kwa fundi wa zamu wa kituo, na liandike kama unavyomwelekeza mtu asiyeijua seva yako: namba ya raki, namba ya nafasi, namba ya utambulisho ya mashine (serial number), kisha picha unazotaka. Mwambie awashe taa ya utambulisho ukiwa kwenye simu, au uiwashe wewe kwa

`ipmitool chassis identify 240`

ambayo itawaka dakika nne. Fundi atavuta kibao cha mbele na kukipiga picha bila kuzima chochote. Picha ya ndani ya kifuniko itasubiri ule muda wa kuzima uliopanga kwa ajili ya BIOS, kwani seva itawashwa upya vyovyote vile. Ombi la prosesa lenyewe lipeleke ukishazipokea picha hizo.